Gereza Lisilo na Mfungwa, Wafungwa Wasio na Kumbukumbu



Leo sitaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa starehe tu, kumbe linagusa ukweli, haki na heshima ya marehemu. Nazungumzia safari za kutembelea Changuu, kisiwa kidogo kilicho mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambacho watalii wameuziwa kwa jina la Kisiwa cha Gereza. Shule hupanga safari za huko, kwaya huenda, maharusi huenda, na wageni wa Ulaya na Marekani hupakiwa kwenye boti kila siku kwenda huko. Wote hurudi na picha nzuri, na wengi hurudi na habari isiyo ya kweli.

Niseme wazi tangu mwanzo ili nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na utalii, wala sina ugomvi na ndugu zetu wa Zanzibar wanaopata riziki yao kwa jasho la halali, wakivusha wageni baharini. Ugomvi wangu ni huu: nchi yetu inauza gereza ambalo halikupata kumfunga mhalifu hata mmoja, na wakati huohuo inanyamaza juu ya magereza yaliyofunga watu kwelikweli. Jambo hilo silioni kuwa dogo, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kisiwa na habari zake

Tuanze na yale yanayojulikana. Katika miaka ya 1860 kisiwa cha Changuu kilikuwa mikononi mwa Waarabu waliokitumia kuwazuia watumwa kabla ya kuuzwa au kusafirishwa. Mwaka 1893 kisiwa kilinunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, naye akakusudia kujenga gereza la wahalifu wakorofi. Jengo lilikamilika mwaka 1894. Lakini wafungwa hawakuletwa. Badala yake kisiwa kikageuzwa kuwa karantini: abiria wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano na magonjwa mengine ya kuambukiza walishushwa hapo, wakakaa chini ya uangalizi mpaka ilipothibitika kuwa ni wazima, ndipo wakaruhusiwa kuendelea na safari.

Hiyo ndiyo kweli ya Changuu. Ilikuwa nyumba ya mateso kwa watumwa ambao hatuna hata jina la mmoja wao, kisha ikawa nyumba ya kungojea kwa wasafiri wagonjwa na wasio wagonjwa. Ukitafakari, ni historia nzito ya kutosha. Mtu aliyetolewa Manyema, au huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, akatembezwa kwa miguu mpaka pwani, akavushwa mpaka Unguja, kisha akafungiwa katika kisiwa kisicho na pa kukimbilia: je, habari ya mtu huyo haitoshi kumnyamazisha mgeni yeyote?

Inaonekana haitoshi. Nilipofika pale pamoja na wanakwaya, baada ya safari ndefu ya treni kutoka Mpanda kwenda Kaliua na Tabora hadi pwani, mwongoza watalii mmoja alituonyesha vyumba vya jengo lile na kutueleza kwa sauti ya uhakika jinsi wapinzani wa serikali walivyofungwa humo na kuteswa. Vijana wetu waliguna kwa huruma. Mmoja akatoa simu na kujipiga picha akiwa ameshika nondo za dirisha, amekunja uso kama mfungwa. Dakika chache baadaye wote walikuwa wanawalisha kobe majani. Simlaumu kijana. Alifanya alichoelekezwa kufanya. Nawalaumu waliolifanya gereza tupu kuwa jukwaa la maigizo, wakaacha watumwa wa kweli bila maneno hata matano.

Kobe wanaojulikana umri wao

Kuhusu kobe hao nina neno. Ni kobe wakubwa ajabu, wa aina ya Aldabra. Wale wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi kutoka kwa gavana Mwingereza wa Shelisheli. Umri wao umeandikwa kwa rangi juu ya magamba yao, ili mgeni asihangaike kuuliza. Idadi yao pia inajulikana: mwaka 1955 walikuwa wapatao 200, na kwa sababu ya wizi wakapungua hata wakabaki 7 mwaka 1996, ndipo hatua zikachukuliwa, wakaletwa wengine na kujengewa uzio imara. Nawasifu waliofanya kazi hiyo, kwa maana viumbe vya Mungu vinastahili kutunzwa.

Lakini, ndugu msomaji, tulinganishe. Kobe wa Changuu wamehesabiwa mwaka kwa mwaka na umri wao umeandikwa mgongoni. Watu waliowekwa kizuizini na serikali zetu wenyewe, Unguja na Bara, hawana mahali walipoandikwa majina yao ili raia asome. Kobe alipoibwa, uzio ulijengwa. Mtu alipopotea gerezani, familia yake iliambiwa inyamaze.

Na kuna jambo jingine ambalo kobe hao wangeweza kutufundisha kama mwongoza watalii angelijua. Mwaka ule wa 1919 walipoletwa kutoka Shelisheli, visiwa vile walikotoka ndivyo vilivyokuwa jela ya wafalme wa Afrika. Omukama Kabalega wa Bunyoro alikuwa bado mfungwa huko, kwa kuwa Waingereza walimkamata mwaka 1899 pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda na kuwapeleka wote wawili uhamishoni. Mwanga, ambaye sisi Wakatoliki tunamkumbuka kwa damu ya Mashahidi wa Uganda, alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajaiona tena Bunyoro. Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Asante, alikaa huko tangu mwaka 1900 hadi 1924. Na hata Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha enzi cha Zanzibar kwa siku chache tu kabla ya mizinga ya Waingereza kulipiga jumba lake tarehe 27 Agosti 1896, alikamatwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kupelekwa Shelisheli na St Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Tazama basi: kobe walisafiri kutoka Shelisheli kuja Unguja wakiwa zawadi, na mtoto wa Unguja akasafiri kutoka pwani yetu kwenda Shelisheli akiwa mfungwa. Hapo ndipo penye kisa cha kweli cha kisiwa cha wafungwa wa kisiasa, na kinaweza kusimuliwa palepale, mbele ya uzio wa kobe, bila kuongeza chumvi hata punje moja. Kwa nini basi tutunge uongo?

Ubaya wa uongo kuhusu mateso

Wapo watakaoniambia: Padre, unahangaika na nini? Hadithi kidogo ya kuwachangamsha wageni ina dhambi gani? Najibu kwamba uongo juu ya mateso ya watu una madhara mawili makubwa.

La kwanza, unampa silaha anayetaka kukana mateso ya kweli. Tujifunze kutoka Gorée, kisiwa kilicho mbele ya Dakar nchini Senegal, ambacho UNESCO ilikiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978. Mwezi Februari 1992 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alisimama pale katika Nyumba ya Watumwa na kuomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi ya biashara ile. Lilikuwa tendo kubwa. Lakini kwa miaka mingi wageni wa nyumba hiyo walitajiwa idadi kubwa mno ya watumwa waliopita mlangoni mwake, na wanahistoria walipochunguza wakaonyesha kwamba hesabu hizo hazikuwa na msingi. Matokeo yake, wasiopenda habari za utumwa zisemwe walipata kisingizio cha kudharau yote, hata yale ambayo hayana shaka. Msamaha ulioombwa pale ulikuwa wa haki, kwa sababu dhambi ilikuwa ya kweli; haukuhitaji hesabu za kubuni. Chumvi iliyozidi imeharibu chakula chema.

La pili, uongo unaushibisha moyo bila kuulisha. Aliyemhurumia mfungwa wa kubuni huona amekwisha kutimiza wajibu wake kwa wafungwa. Anashuka kwenye boti akijiona mtu mwema, anakwenda kula samaki, na hajui kwamba umbali mfupi kutoka gati aliloshukia kuna ukuta wa gereza lililofunga watu kweli. Bwana wetu hakusema atatuuliza kama tulisikitika mbele ya chumba kitupu. Alijitambulisha na mfungwa aliye hai, mwenye njaa, mwenye jina. Na alipowakemea waandishi na Mafarisayo, aliwakemea kwa kuyapamba makaburi ya manabii huku wakiendelea na mwenendo wa waliowaua. Sisi tumewazidi: tumepamba kaburi ambalo halina maiti, na yaliyo na maiti tumeyapanda majani.

Wafungwa walivuka upande wa pili

Kisiwa cha wafungwa wa kisiasa wa Zanzibar kilikuwa wapi, basi? Jibu litatushangaza sisi tunaokaa Bara. Wafungwa wale walivushwa bahari, lakini boti zao hazikuelekea Changuu. Zilielekea huku kwetu.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, viongozi wa serikali iliyopinduliwa walikamatwa. Sheikh Ali Muhsin Barwani, aliyekuwa waziri katika serikali hiyo, alikaa katika magereza ya Tanzania Bara kwa takriban miaka kumi bila kufikishwa mbele ya hakimu, hadi alipoachiwa mwaka 1974. Unaweza kuikataa siasa yake yote, na wapo wengi wanaoikataa kwa sababu nzito. Bado utabaki na swali la mtu aliyefungwa miaka kumi bila hukumu. Na waliopindua nao hawakusalimika. Abdullah Kassim Hanga, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa serikali ya Mapinduzi, na Othman Shariff, aliyekuwa waziri na balozi, walikamatwa Bara na kurudishwa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko wakauawa. Baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, Abdulrahman Mohamed Babu alikamatwa Bara. Mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo kizimbani, naye akakaa gerezani Bara hadi mwaka 1978. Wengine wengi, ambao hawakuwa mawaziri wala mabalozi na kwa hiyo hakuna aliyewaandika, walipita Kiinua Miguu, gereza la Kilimani mjini Unguja, jina ambalo wazee wakilitaja hushusha sauti.

Wala tusidhani mambo haya yalikwisha na mfumo wa chama kimoja. Mwezi Novemba 1997 viongozi na wanachama wa CUF walianza kukamatwa Zanzibar kwa shtaka la uhaini, wakafika 18, na hawakuachiwa hadi Novemba 2000. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho walikamatwa, wakashtakiwa kwa ugaidi na kushikiliwa Bara kwa miaka mingi, hadi mashtaka yao yalipofutwa mwezi Juni 2021 bila ya hukumu. Mimi ni padre wa Kanisa Katoliki, na sishiriki mafundisho yao. Lakini haki ya mtu kufikishwa mahakamani upesi, akahukumiwa au akaachiwa, haina dini. Anayekaa kimya jirani yake akifungwa bila hukumu hana la kusema siku mlango wake mwenyewe utakapogongwa.

Hivyo bahari ileile inayopitisha watalii kwenda kuona gereza lisilo na mfungwa ndiyo iliyopitisha wafungwa wenyewe kuja huku ambako hakuna mtalii anayekuja kuwatafuta.

Kisiwa cha nchi kavu

Mtu wa Nsemulwa ataniuliza: hayo ni ya pwani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Watawala wa dunia wamependa visiwa kwa sababu ya umbali: ukimtenga mtu na watu wake, maneno yake hayavuki maji. Lakini si lazima kisiwa kizungukwe na bahari. Msitu wa miombo na barabara isiyopitika masika vinatosha.

Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumzuia mtu bila kumfikisha mahakamani. Na tangu wakoloni ilikuwapo ile ya mwaka 1921 ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine. Mapema mwaka 1963, Victor Mkello, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alihamishiwa kwa amri Sumbawanga pamoja na mwenzake mmoja, kufuatia migomo ya wafanyakazi. Sumbawanga, ndugu zangu! Mji uleule ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya mkoa wetu wa Rukwa, kabla Katavi haijazaliwa mwaka 2012. Mahali ambapo Wafipa walilima, wakaoa, wakazika, wakasali, palihesabiwa kwenye meza ya mkubwa mmoja kuwa ni adhabu.

Hiyo ndiyo sababu habari hii inanichoma. Mtumishi wa serikali akihamishiwa huku, hata leo, hamkosi mtu wa kumpa pole na kumuuliza amekosa nini. Tumecheka utani huo bila kuuliza ulikozaliwa. Ulizaliwa katika fikra kwamba magharibi ya nchi ni pa kumtupia mtu, na kwamba wenyeji wa huko ni walinzi wa jela bila mshahara. Tume ya Jaji Francis Nyalali, mwaka 1991, ilizitaja sheria hizo za 1921 na 1962 miongoni mwa sheria 40 ilizosema zinakandamiza watu na zinastahili kufutwa au kurekebishwa. Je, ni shule gani ya sekondari hapa Mpanda inayowafundisha vijana habari hiyo? Wanafunzi wetu watalipa nauli kwenda kuona vyumba vitupu vya Changuu, na hawajui kwamba babu zao walikaa jirani na waliohamishwa kwa nguvu.

Waliofanya vema

Kutembelea kisiwa cha wafungwa kunaweza kuwa tendo takatifu. Robben Island, mbele ya Cape Town, ilifunga wafungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini tangu mwanzo wa miaka ya 1960 hadi 1991. Nelson Mandela, aliyepita Mbeya na Dar es Salaam mwezi Januari 1962 akitafuta msaada wa mapambano, alikaa humo miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Robert Sobukwe alimaliza kifungo chake mwaka 1963, na badala ya kuachiwa akawekwa peke yake katika nyumba ndogo kisiwani kwa miaka 6, kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yake. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1997, na waliokuwa wafungwa ndio waliopewa kazi ya kuwaongoza wageni gerezani. Mgeni haambiwi hadithi ya kubuni, kwa kuwa anayesimulia alilala kwenye sakafu ile.

UNESCO iliiweka Robben Island katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Mwaka huohuo kiliingizwa pia kisiwa cha Patmo nchini Ugiriki, ambako Yohane mwenyewe anaeleza mwanzoni mwa Kitabu cha Ufunuo kwamba alikuwapo kwa ajili ya neno la Mungu na ushuhuda wa Yesu. Hebu tafakari: kitabu cha mwisho cha Biblia yetu kimetoka kwenye kisiwa cha uhamisho. Dola ya Kirumi ilidhani maji yatalizuia neno. Kanisa halikuona haya kusema kwamba mwandishi wake alikuwa mfungwa. Lilikumbuka jina lake, mahali pake na sababu ya kutengwa kwake. Mambo hayo matatu, jina, mahali na sababu, ndiyo ninayoyadai kwa wafungwa wa Tanzania.

Jirani zetu wa Kenya nao wana somo. Msafiri anayekwenda Lamu kwa ndege hutua katika kisiwa cha Manda, na wengi hupelekwa kuona magofu ya mji wa kale wa Takwa. Ni wangapi huambiwa kwamba katika miaka ya 1950 Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau katika kisiwa hichohicho, na kwamba mwandishi Gakaara wa Wanjau alizuiliwa humo na kuandika habari za kifungo chake kwa lugha yake ya Kikuyu? Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1983 na kushinda tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kalamu ya mfungwa mmoja imehifadhi zaidi ya vibao vingi.

Hoja za wanaopinga

Wa kwanza atasema: utalii unaleta fedha, usituharibie. Namjibu kwamba Robben Island inaleta fedha kwa kusema kweli. Mgeni hatakimbia akiambiwa habari ya watumwa, ya karantini na ya wafalme wa Shelisheli. Anayekimbia ukweli huo hakuja kujifunza, na huyo hata kobe wanamtosha.

Wa pili atasema: usitoneshe vidonda, tuna amani yetu. Heri amani iliyokaa juu ya haki kuliko kimya kilichokaa juu ya hofu. Kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa huoza, na harufu yake huwafikia watoto ambao hawakukipata. Mjane asiyeonyeshwa kaburi la mumewe hahitaji kutoneshwa na padre. Kidonda chake kiko wazi kila asubuhi.

Wa tatu, naye ana haki ya kusikilizwa, atasema: na ninyi Kanisa, je? Someni basi habari za Karema, hapa kwetu Katavi. Ngome ya Karema ilijengwa mwaka 1879 na watu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe. Jina la mfalme huyo limeandikwa kwa damu ya watu wa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Hija ya Karema isiyosema jambo hilo ina kasoro ileile ninayoilaumu Changuu, na parokia zinazopeleka mahujaji ziliseme. Lakini Karema inatufundisha pia njia nzuri. Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko Sudani ya Magharibi, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa utabibu Malta, alikuja Karema na kuwatibu watu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Huyo alikuwa mtumwa, na tunalo jina lake, kazi yake na kaburi lake. Ikiwa watu wa kando ya ziwa waliweza kumkumbuka mtumwa mmoja kwa jina, serikali yenye ofisi za nyaraka haiwezi kusema kwamba kuwakumbuka wafungwa wake ni kazi ngumu mno.

Tunachodai

Basi, ndugu msomaji, nidai mambo manne. Kwanza, wanaosimamia Changuu wafute hadithi ya wafungwa wasiokuwapo na kuweka kweli mahali pake: watumwa, karantini na uhamisho wa Shelisheli. Pili, serikali zetu mbili zifungue majalada ya waliowekwa kizuizini bila hukumu, na majina yachapishwe, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na kwa wasiotoka, mahali walipozikwa. Tatu, walimu wa historia wa Mpanda na Katavi nzima wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaandike habari za waliohamishiwa magharibi kwa nguvu, kabla wazee hao hawajatuacha. Nne, sisi Wakristo tusisubiri makumbusho: mahabusu wapo leo, wengine wakingojea kesi mwaka baada ya mwaka. Waraka kwa Waebrania unatuagiza kuwafikiria waliofungwa kana kwamba pingu zile ziko katika mikono yetu wenyewe. Jumuiya ndogondogo inayoweza kuchangishana nauli ya kwenda Unguja inaweza pia kuchangishana sabuni na kumtafutia mahabusu mmoja mwanasheria.

Nendeni Changuu mkipenda. Walisheni kobe, oneni bahari, mshukuruni Mungu. Lakini akitokea mtu wa kuwaonyesha chumba cha mfungwa, mwulizeni kwa adabu: mfungwa huyo aliitwa nani? Asipokuwa na jina la kuwapa, mwambieni kwamba yapo majina ya wafungwa wa kweli, na kwamba walivushwa kuletwa upande wa kwetu.